Shajara ya Darasa la Sanaa Tano, Wete: Yaliyofanyika, Yaliyoharibika na Gharama Zake

Jumamosi, 11 Januari 2025: Maandalizi

Darasa linafanyika katika banda la uani kwetu, hapa Wete, Pemba, na lina vijana 12 wa umri wa miaka 13 hadi 17, wasichana wanane na wavulana wanne. Wote wamewahi kufundishwa sanaa skulini, lakini kwa penseli na karatasi tu, kiasi kwamba ukimwuliza mmoja wao sanaa ni nini atakujibu kuwa ni kuchora. Nia yangu ni kuwapitisha katika sanaa tano kwa mikono yao wenyewe: ususi wa ukili (mshipi wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka), nakshi za mbao, ufinyanzi, khati za Kiarabu (uandishi wa sanaa) na batiki. Ninaandika shajara hii kwa ajili ya mwalimu mwingine, awe Micheweni, Mkoani au Makunduchi, anayetaka kufanya kazi kama hii bila kuzirudia hasara zetu.

Kosa la kwanza limetokea kabla ya darasa kuanza. Nilikuwa nimeipangia kila sanaa Jumamosi moja ya saa mbili. Nilipompelekea ratiba hiyo bibi mmoja msusi ambaye tumemwomba aje kutufundisha, aliisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, Jumamosi moja huo ukindu wenyewe haujakauka." Nimeifuta ratiba na kuipanga upya kwa Jumamosi tatu kwa kila sanaa, na mwezi wa Ramadhani tutapumzika. Makadirio ya gharama ni shilingi 400,000, zilizotokana na michango ya wazazi na ya kwangu.

Jumamosi, 1 Februari 2025: Ususi umekamilika

Kukata na kuanika hakukuwa na tabu. Makuti machanga ya mkindu, yale ambayo bado hayajafunguka, yalikatwa, yakatandazwa juani hadi yakapauka, kisha yakachanwa. Tabu ilianza kwenye kuchana. Vijana walidhani kuwa kuchana ni kazi ya kupitisha tu, na kwamba sanaa itaanza watakapoanza kusuka. Miyaa yao, yaani vipande vya majani vilivyochanwa, ikawa minene upande mmoja na myembamba upande wa pili, na ukili uliosukwa kwa miyaa ya namna hiyo hupinda kama njia ya ng'ombe, hata msukaji awe hodari vipi. Bibi hakumkaripia mtu. Aliuchukua ukili wa msichana mmoja, akaulaza juu ya paja lake, akaufuata kwa kidole gumba tangu mwanzo hadi akakifikia kipande kilichopinda, akauvuta mwaa mmoja ukatoka, na akauweka juu ya kiganja cha yule msichana. Mwaa huo ulikuwa mpana karibu mara mbili ya wenzake. Baada ya hapo kila mmoja alichana upya, akitumia mwaa mmoja kuwa kipimo cha mingine yote.

Tulianza na ukili wa miyaa tisa, kwa mtindo wa kupita juu ya miwili na chini ya miwili, ambao hutoa mistari ya mshazari. Kinachowashangaza vijana ni kwamba mapambo ya mkeka hayachorwi juu yake. Hutokana na hesabu ya mwaa upi wa rangi umeanzia wapi. Ukiukosea mwanzo, ua halitokei, na hakuna njia ya kulirekebisha isipokuwa kufumua.

Kosa letu kubwa lilikuwa katika rangi. Kwa haraka, tuliimwaga rangi ya unga katika maji yaliyopata vuguvugu tu, tukatumbukiza mafungu yaliyofungwa kwa kukazwa, na tukayatoa baada ya dakika chache kwa sababu yalionekana yameiva. Yalipokauka yalikuwa na mabaka meupe katikati ya kila fungu, na rangi ikabaki kwenye vidole. Njia iliyofaa ni hii: maji yachemke kwanza, rangi iyeyushwe yote, fungu lifungwe upande mmoja tu ili miyaa iachane, na lichemshwe karibu nusu saa huku likigeuzwa. Baada ya hapo huoshwa kwa maji baridi hadi maji yatoke meupe, na huanikwa kivulini. Kwa kushona ukili ubavu kwa ubavu tulitumia shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, na kila kijana ameondoka na msala mdogo au kawa.

Gharama: ukindu mafungu 12 kwa shilingi 2,000 kila moja, 24,000, rangi 12,000, zikiwemo 5,000 zilizopotea katika jaribio la kwanza, shazia sita, 6,000, takrima ya Bibi 40,000. Jumla 82,000.

Jumamosi, 22 Februari 2025: Nakshi za mbao, sehemu ya kwanza

Hapa Pemba milango ya nakshi si mingi kama ya Mji Mkongwe, Unguja, ambao mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa hiyo somo la kwanza lilifanywa kwa picha zilizochapishwa. Niliwafundisha kuusoma mlango kabla ya kuuchonga: miimo ya pembeni, bao la juu, na mfaa ulio katikati, unaoziba mwanya wa mbao mbili zinapofungwa. Katika milango ya zamani bao la juu huwa limenyooka, na ile yenye tao juu, iliyojaa majani na maua, huonyesha mkono wa mafundi wa Kihindi na ikaenea baadaye katika karne ya 19. Vijana walitambua wenyewe, bila kuambiwa, kwamba mnyororo hukaa ukingoni na waridi au yungiyungi hukaa katikati, na nikaona kuwa kuangalia kwa makini nako ni mbinu inayofundishika.

Kuhusu uchongaji wenyewe, utaratibu wa fundi wetu ni mfupi. Mchoro huhamishwa kwa karatasi ya kaboni. Mpaka wa ua hukatwa kwa patasi bapa iliyosimamishwa wima. Baadaye ndipo ardhi inayolizunguka ua huondolewa kwa patasi iliyolazwa, na bobari, ile patasi yenye ncha ya duara, huchimba mabonde ya majani. Mwanafunzi anayeanza kuondoa ardhi kabla ya kukata mpaka hupasua ua lake, kwa kuwa mbao hufuata mkondo wa nyuzi zake na haifuati mstari wa penseli. Ilitokea kwa watano kati ya 12 katika saa ya kwanza.

Siku ya pili kijana mmoja aliteleza na kujikata kiganjani. Jeraha lilikuwa dogo na lilifungwa palepale, lakini kosa lilikuwa langu kwa mambo mawili. Patasi zilikuwa butu, na patasi butu ni ya hatari zaidi kuliko kali, kwa kuwa mtu huisukuma kwa nguvu zote za bega. Na mbao ilishikwa kwa mkono wa kushoto, mbele ya ncha. Tangu hapo kila kipindi huanza kwa robo saa ya kunoa juu ya kinoo chenye maji, mbao hubanwa kwa jiliwa ya seremala jirani au huegemezwa kwenye ubao uliopigiliwa mezani, na mikono yote miwili hukaa nyuma ya ncha. Mwalimu atakayeiga kazi hii aanze na kanuni hiyo siku ya kwanza.

Jumamosi, 15 Machi 2025: Taarifa fupi ya Ramadhani

Darasa limepumzika, lakini leo nimefungua ghala na kukuta vipande tisa kati ya 12 vya nakshi vimepasuka. Mipasuko imeanzia kwenye ncha za mbao na kuingia ndani, na katika vipande vinne imelikata ua lenyewe katikati. Nilinunua mbao za mfenesi kwa sababu ni za bei nafuu na huchongeka kwa urahisi, na muuzaji alinihakikishia kuwa zimekauka. Sikuzipima. Mbao mbichi hupungua inapopoteza maji, na ncha zake hukauka kabla ya kiini, basi ndipo hupasuka.

Nimemwuliza fundi jinsi ya kuitambua mbao mbichi. Amenipa njia mbili ambazo sasa nazitumia. Ya kwanza ni kuvigonga vipande viwili vya ukubwa mmoja, kwani kikavu hulia na kibichi hutoa mlio mzito uliozimika. Ya pili, ambayo ni ya uhakika zaidi, ni kukipima kipande kwenye mzani wa duka, kukiweka mahali penye upepo kwa wiki mbili, na kukipima tena. Kikiwa kimepungua uzito, bado hakijawa tayari. Vipande viwili vizima vya mfenesi nimevipaka rangi ya mafuta kwenye ncha, ili maji yatoke polepole kupitia ubavuni, na nimevipandisha darini.

Jumamosi, 5 Aprili 2025: Nakshi, sehemu ya pili

Baada ya Idd tumeongeza siku moja. Seremala ametuuzia vipande vya msaji vilivyobaki katika kazi zake, vifupi lakini vya miaka mingi. Msaji ni mgumu zaidi mkononi, na vijana walilalamika, ila kingo za maua yao zimetoka kali kuliko zile za mfenesi. Kila mmoja amemaliza waridi moja la upana wa kiganja.

Gharama: mbao za mfenesi 45,000, ambazo karibu zote ni hasara, msaji 30,000, patasi tano kwa 12,000 kila moja, 60,000, kinoo 10,000, takrima ya fundi kwa siku nne 60,000. Jumla 205,000, yaani zaidi ya nusu ya makadirio yote.

Jumamosi, 26 Aprili 2025: Ufinyanzi, uchomaji wa kwanza umeshindwa

Ninaieleza siku hii kwa urefu kwa sababu imenifunza kuliko nyingine zote.

Udongo tulipewa bure na kina mama wafinyanzi wa kijiji cha jirani, na mmoja wao alikuja kutufundisha. Hapatumiki gurudumu. Kitako hubonyezwa kwa kiganja ndani ya kigae kipana, kisha udongo hufingirishwa kuwa kamba nene, ambazo hupandishwa duara juu ya duara, na kila duara huunganishwa na la chini yake kwa kidole gumba, ndani na nje. Kifuu cha nazi hutumika kukwangua na kusawazisha, na kijiwe laini cha pwani husugua uso chombo kinapokuwa kimeshika kidogo bila kukauka. Tulikubaliana kila kijana afinyange chetezo, kwa kuwa ni chombo kidogo, kina shingo, kina matundu ya kutoboa, na kila nyumba inakitumia kwa udi na ubani. Pamoja na viwili vya mwalimu, tulikuwa na vyetezo 14.

Vilifinyangwa tarehe 12 na 19 Aprili, na leo tumevichoma. Hatukuwa na tanuu. Tulitandika makumbi ya nazi, tukavipanga vyombo, tukavifunika kwa makumbi mengine na kuni, na tukawasha. Mwalimu wetu hakuweza kufika, na mimi sikutaka kuahirisha. Dakika kumi hazikupita, ukasikika mlio mkavu, kama jiwe linalopasuka. Ukafuata mwingine, na mwingine tena. Vijana walisimama wakihesabu kwa sauti ya chini. Jioni tulipofukua jivu, tisa vilikuwa vimesambaratika, viwili vimepata ufa, na vitatu tu vilisalimika.

Vigae vilituonyesha sababu. Tulivikusanya na kuvipanga kwenye jamvi, na karibu vyote vilikuwa vibapa vilivyobanduka kitakoni, vyenye unene wa vidole viwili, rangi ya kijivu ndani na nyekundu nje. Wiki moja ya masika, yenye mvua na unyevu usiku kucha, haikutosha kukausha kitako kinene. Maji yaliyobaki ndani yalipofikia kuchemka yaligeuka mvuke, na mvuke usio na njia ya kutokea hubomoa ukuta. Moto wetu nao ulipanda kwa ghafla. Jambo la tatu mwalimu wetu alilieleza alipoviona vigae hivyo siku mbili baadaye: udongo tuliutumia mtupu. Yeye huchanganya unga wa vigae vya zamani vilivyotwangwa na kuchekechwa. Unga huo haunywei tena, kwa sababu umekwisha pita motoni, na huacha vijinjia vidogo vya mvuke kupita. Siku ya kwanza alikuwa ameutaja, na mimi niliuona kuwa jambo dogo, nikaupita.

Msichana aliyetoboa chetezo chake kwa matundu ya umbo la karafuu, kazi ya siku mbili, alikipata vipande sita. Amevichukua vyote nyumbani. Sikuwa na la kumwambia isipokuwa kwamba tutarudia, na kwamba vigae vya wenzake ndivyo vitakavyotwangwa kuimarisha udongo mpya.

Jumamosi, 24 Mei 2025: Ufinyanzi, uchomaji wa pili

Tulifinyanga tena tarehe 3 Mei, vyetezo 12. Mabadiliko yalikuwa haya. Sehemu moja ya unga wa vigae ilichanganywa na sehemu nne za udongo. Hakuna ukuta wala kitako kilichoruhusiwa kuzidi unene wa kidole cha mwisho. Tulipima kwa kuchoma mwiba. Vyombo vilikauka ndani ya nyumba kwa wiki tatu, vikigeuzwa kila siku, na siku mbili za mwisho vilikaa karibu na jiko la mkaa. Leo asubuhi tulivizungushia moto mdogo kwa umbali wa hatua moja, tukausogeza polepole kwa muda wa saa mbili hadi vikawa vya moto mkononi, ndipo tukavifunika kwa makumbi. Tulijua mvuke umekwisha kwa kushikilia kioo kidogo juu ya mdomo wa chombo, kwani kioo kikiingia ukungu, chombo bado kina maji.

Vimetoka 11 vizima. Kimoja kina ufa shingoni, mahali ambapo kamba mbili za udongo hazikuunganishwa vizuri. Kile cha matundu ya karafuu ni kizima.

Gharama: usafiri wa udongo 20,000; kuni na makumbi kwa mara mbili 30,000; takrima 30,000. Jumla 80,000.

Jumamosi, 31 Mei 2025: Khati imekamilika

Hii ndiyo sanaa iliyotugharimu kidogo kuliko zote, na matete yalikatwa bure kando ya bonde. Kalamu huchongwa mshazari, hupasuliwa katikati ya ncha ili ibebe wino, na upana wa ncha hiyo ndio mizani ya kila herufi. Ukiigusisha kalamu karatasini na kuivuta kidogo unapata nukta ya pembe nne. Urefu wa alifu katika mtindo wa khati uitwao naskhi huhesabiwa kuwa nukta tano, na herufi nyingine hupimwa kwa alifu hiyo. Utaratibu wa kupima kwa nukta unahusishwa na Ibn Muqla, waziri na mwandishi wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Vijana wanaosoma Kurani tangu utotoni walishangaa kwamba herufi wanazozijua zina hesabu ndani yake. Waliandika majina yao, kisha maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu barua zao.

Makosa yalikuwa mawili. Karatasi za kawaida zilinyonya wino, na kila herufi ikaota nywele. Tulipika uji mwepesi wa wanga, tukaupaka kwa kitambaa pande zote mbili, na zilipokauka tukazisugua kwa mgongo wa kauri hadi zikang'aa. Wino ukakaa juu na kingo zikawa safi. La pili lilikuwa wino wa masizi. Masizi ya kandili tuliyoyatia ndani ya maji yalielea kama vumbi. Ni lazima yasuguliwe kwanza na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa, kidogo kidogo, mpaka yawe kama dawa ya viatu, ndipo maji yaongezwe.

Yupo kijana mmoja anayetumia mkono wa kushoto, ambaye kila mstari wake mnene ulitoka mwembamba na mwembamba ukatoka mnene. Nilidhani hajaelewa, na nikamrudisha mwanzo mara tatu. Kosa lilikuwa la kalamu, maana mshazari ulichongwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Nilipomchongea ya mshazari wa upande wa pili, alifu yake ya kwanza ilisimama. Nimemtaka radhi mbele ya wenzake.

Gharama: karatasi 14,000, wino 6,000, gundi 4,000, wanga 2,000. Jumla 26,000.

Jumamosi, 28 Juni 2025: Batiki imekamilika

Tuliahirisha kwa sababu ya Idd el-Hajj. Batiki ni sanaa ya kuzuia, kwani mahali palipopakwa nta ya moto rangi haipiti. Tulitumia bafta ya pamba, na mchoro wa kila mmoja ulifuata mpangilio wa kanga: pindo likizunguka, mji katikati, na nafasi ya jina chini.

Mita tano za kwanza ziliharibika kwa sababu tatu zilizokutana pamoja. Kitambaa hakikufuliwa, na wanga wa kiwandani ukaikataa rangi kwa mabaka. Nta ilikuwa imepoa, ikaganda juu ya uzi bila kupenya. Kipimo chake ni kwamba mstari uliopakwa vizuri huonekana kama umelowa hata upande wa nyuma. Na tulianza na buluu tukamalizia na manjano, ikatoka rangi ya matope. Utaratibu ni kwenda kutoka rangi nyepesi hadi nzito: manjano kwanza, kisha ziwekwe nta sehemu zitakazobaki manjano, ndipo buluu iingie, na palipokutana patatoka kijani safi.

Nta huyeyushwa ndani ya sufuria iliyokaa katika sufuria nyingine yenye maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Ikishika moto hufunikwa kwa mfuniko na haimwagiwi maji. Baada ya rangi kukauka, kitambaa huchemshwa, nta huelea, ikipoa huondolewa kama utando na kutumika tena. Maji yake yasimwagwe mtaroni kabla ya kuiondoa.

Gharama: bafta mita 15 kwa 4,000, jumla 60,000; nta ya nyuki na ya mishumaa 35,000; rangi na soda, zilizoagizwa kutoka Unguja na kuletwa kwa boti hadi Mkoani, 55,000; glavu 6,000. Jumla 156,000.

Jumamosi, 5 Julai 2025: Hesabu

Matumizi yote ni shilingi 549,000, yaani 149,000 juu ya makadirio. Tungepima mbao na kufua kitambaa, tungeokoa takriban 70,000 kati ya hizo. Kwa anayeanza na fedha kidogo, ningemshauri achukue ususi, ufinyanzi na khati, ambazo kwa pamoja zimetugharimu 188,000, na ufinyanzi aupangie miezi isiyo ya masika.

Karafuu zimeanza kuiva, na vijana saba wameomba ruhusa ya kwenda kuchuma na familia zao, kwa hiyo darasa limefungwa. Leo nimeviteremsha darini vile vipande viwili vya mfenesi na kuvipima. Kimoja kimepungua gramu 40 tangu mwezi uliopita, na cha pili gramu 15. Nimevirudisha juu.